Daraja la bilioni ngapi? Piga hesabu kabla ya kukopesha saruji

WAFANYABIASHARA wa saruji, nondo na kokoto huwa wa kwanza kuchangamka mara linapotangazwa daraja jipya. Tangazo hutoka na tarakimu moja kubwa, bilioni kadhaa, na siku hiyo hiyo simu za madukani huanza kulia. Ieleweke hata hivyo kwamba tarakimu hiyo ya mwanzo mara nyingi haijatokana na mchoro kamili. Ni makadirio ya awali tu, na anayekopesha mali kwa kuyategemea anapaswa kujua yanavyopatikana.

Wakadiriaji majenzi huanza na eneo la sakafu ya daraja, yaani urefu mara upana. Kisha hutazama madaraja yaliyokwisha kujengwa, yaligharimu kiasi gani kwa kila mita moja ya mraba, na kuzidisha. Ni njia ya haraka, lakini ina mitego.

Chukua mifano miwili ya hapa nchini. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa meta 680 na upana wa meta 32. Bei iliyotangazwa ilikuwa takriban Sh. bilioni 214. Gawanya, utapata karibu Sh. milioni 9.8 kwa mita ya mraba. Daraja la Kigongo-Busisi katika Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa tatu na upana wa meta 28.45, kwa takriban Sh. bilioni 716. Hapo mita ya mraba inatoka Sh. milioni 8.4.

Kwa haraka mtu atasema bei zinakaribiana. Sivyo. Mkataba wa Kigamboni ulitiwa saini 2012, dola moja ikiwa karibu Sh. 1,580, ujenzi wa Busisi ulizinduliwa Desemba 2019, dola ikiwa karibu Sh. 2,300. Kwa dola, Kigamboni ni zaidi ya 6,000 kwa mita ya mraba na Busisi ni kama 3,600. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba bei ya Kigamboni ilibeba pia barabara za maingilio za takriban kilometa 2.5, ambazo ni ndefu kuliko daraja lenyewe. Sehemu nyingine ni ukubwa wa kazi: kusafirisha mitambo, kujenga kambi na karakana ni gharama inayolipwa hata kama daraja ni fupi, na kwenye kilometa tatu inagawanyika kwa mita nyingi zaidi.

Kwa hiyo anayechukua bei ya daraja kubwa na kuibandika kwenye daraja la mto wa wilayani anajidanganya.

Tuchukue mfano wa kubuni wa daraja dogo, meta 40 kwa 11, yaani mita za mraba 440. Tuseme bei ya msingi ni Sh. milioni 6 kwa mita. Hiyo ni Sh. bilioni 2.64, na ndiyo tarakimu ambayo mwanasiasa angependa kuitaja jukwaani. Ongeza asilimia 15 ya maandalizi ya eneo la kazi: bilioni 3.04. Ongeza asilimia 20 ya fungu la dharura, kwa kuwa udongo bado haujapimwa: bilioni 3.64. Weka VAT ya asilimia 18, unafika karibu bilioni 4.3. Hapo hatujagusa fidia ya wenye mashamba wala ada ya mhandisi mshauri.

Udongo ndio unaosumbua zaidi. Sakafu na mihimili vinaonekana na kupimika kwenye karatasi. Nguzo zilizo chini ya maji ni habari nyingine. Mwamba ukikutwa meta kumi chini zaidi ya ilivyodhaniwa, zege na nondo huongezeka kwa kila nguzo, na mtambo wa kuchimbia hukaa siku nyingi zaidi ukilipiwa.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya uchukuzi katika nchi mbalimbali na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Madaraja na mahandaki yalizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 34, barabara kwa asilimia 20. Kati ya kila miradi kumi, tisa ilikadiriwa chini. Walidai kwamba makosa ya bahati mbaya yangeegemea pande zote mbili, juu na chini. Haya yaliegemea upande mmoja.

Sasa hasara inamwangukia nani? Mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini, akakuta mwamba haupo, huanza kuchelewesha malipo kwa wasio na nguvu ya kumbana: mwenye malori ya mchanga na mwenye duka la nondo. Benki huwa ina dhamana mkononi. Mwenye duka ana daftari.

Upande wa wawekezaji wadogo, hati fungani ya miundombinu ya Samia, iliyouzwa na benki ya CRDB kuanzia Novemba 2024 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ilikusanya zaidi ya Sh. bilioni 300, ikilenga kuwapatia fedha makandarasi wa TARURA. Mwenye hati hiyo anadai benki, hamdai mkandarasi. Hatari yake si ile ya mwenye duka.

Kwa mwenye duka, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa mzigo kwa mkopo. Je, bei iliyotajwa ni ya mkataba au ya makadirio? Upimaji wa udongo umefanyika? Na mkandarasi amekwisha pokea malipo ya awali, au anasubiri hati ya kwanza ya malipo ipitishwe na mhandisi? Jibu la swali la tatu likiwa ni kusubiri, mzigo wa kwanza uende kwa fedha taslimu.