Kuhama Jimbo Si Kuhama Kodi



Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, watu wengi nchini Marekani wanafanya kazi za ofisini wakiwa nyumbani kwao. Miongoni mwao wamo ndugu zetu waliotoka Afrika ya Mashariki na Kongo. Baadhi yao wamehamia majimbo yenye nyumba za bei nafuu, huku mwajiri akibaki yule yule. Wengi hudhani kwamba kodi ya kule walikotoka imekwisha. Si lazima iwe hivyo. (Jimbo tunalosema hapa ni la serikali, si jimbo la Kanisa.)

Kodi za ngazi mbili

Kodi ya mapato ya serikali kuu hulipwa popote mtu anapoishi, hivyo kuhama hakuiondoi. Kinachoweza kubadilika ni kodi ya jimbo. Majimbo mengi hutoza kodi hiyo. Machache, kama vile Texas, Florida na Tennessee, hayatozi kodi ya mshahara. Kwa kawaida jimbo hutoza kwa sababu mojawapo kati ya mbili: mtu anaishi hapo, au kazi inafanyika hapo.

Tuchukue mfano wa mama anayetunza hesabu za ofisi iliyoko New York, kisha akahamia Houston, Texas. Sheria ya New York inasema kwamba mfanyakazi wa ofisi ya huko akifanyia kazi nyumbani nje ya jimbo kwa hiari yake, wala si kwa mahitaji ya mwajiri, siku hizo huhesabiwa kuwa za kazi New York. Kwa hiyo mshahara wake utaendelea kutozwa kodi huko. Kama angehamia New Jersey, angejaza fomu za majimbo yote mawili, na New Jersey ingempunguzia kodi kwa kuzingatia aliyolipa New York. Pennsylvania na Delaware nazo zina kanuni inayofanana na ya New York.

Yako pia majimbo yaliyopatana. Anayeishi Iowa na kuajiriwa Illinois hulipa kodi ya mshahara Iowa peke yake, mradi amempa mwajiri fomu inayohusika.

Mambo ya kuzingatia kwa anayehama

1. Amjulishe mwajiri mapema. Mwajiri akiendelea kukata kodi ya jimbo lisilohusika, mwezi wa Aprili jimbo jipya litadai yake, na mfanyakazi atatafuta fedha huku akisubiri kurudishiwa za kule.

2. Atunze ushahidi wa tarehe ya kuhama: mkataba wa nyumba, leseni mpya ya udereva, usajili wa gari. Kwa mwaka huo, pale ambapo majimbo yote mawili hutoza kodi, kwa kawaida hujaza fomu za yote mawili.

3. Asibakize makao bila kufikiri. Mwenye makao ya kudumu New York akikaa huko siku 184 au zaidi kwa mwaka, anaweza kuhesabiwa mkazi.

4. Asitegemee nafuu ya gharama za kuhama. Tangu mwaka 2018 wafanyakazi wa kawaida hawaipati katika kodi ya serikali kuu. Wanajeshi waliopewa amri ya kuhama bado wanayo.

Kamati ikiwa mwajiri

Parokia yenye katibu au mhasibu aliyehamia jimbo jingine ni mwajiri pia. Kwa kawaida kamati itapaswa kujiandikisha katika mamlaka ya kodi ya jimbo jipya, kama linatoza kodi ya mshahara, kisha kukata na kuwasilisha kodi hiyo. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Kumbukumbu za kikao zionyeshe tarehe, mahali na sababu ya kufanyia kazi huko, maana pengine sababu hiyo ndiyo itakayoamua kodi ilipwe wapi.

Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya kisima au darasa isiishie kulipa faini. Kabla ya kuridhia mtumishi ahame, kamati imwone mtaalamu wa kodi anayezijua sheria za majimbo yote mawili.