Utando wa Vanadiamu kwa Dirisha la Sharafiya

Tarehe 22 Juni 2010 kipimajoto cha Jeddah kilifika nyuzi 52 za Selsiasi. Siku za namna hiyo ni chache, lakini hata Januari mchana wa mji huo hukaribia nyuzi 29. Katika mtaa wa Sharafiya, ambao sifa yake ni wingi wa wahamiaji wa Kerala, India, viyoyozi vina kazi karibu mwaka mzima. Joto jingi wanalolifukuza watu humo ndani limeingia kupitia dirishani. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayofika ardhini ni miale ya infraredi: macho hayaioni, haimulikii mtu chochote, ila hupasha moto. Kioo cha kawaida huipitisha kwa wingi pamoja na mwanga.

Nuru Mlyuka, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametafiti utando unaoweza kuizuia miale hiyo jua linapokuwa kali na kuiruhusu hali ya hewa inapopoa, bila swichi wala waya wa umeme. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1959, pale F. J. Morin wa maabara za Bell nchini Marekani alipoonyesha kwamba oksaidi fulani za metali hubadilika tabia ghafla zikipashwa moto. Dioksaidi ya vanadiamu hugeuka kwenye nyuzi 68 hivi. Chini ya hapo infraredi hupita. Ikivuka hapo, mpangilio wa atomu zake hubadilika, elektroni zinakuwa huru kama ndani ya metali, na infraredi hurudishwa nje. Mwanga unaoonekana hauathiriki sana, kwa hiyo chumba hakigeuki giza.

Kuutengeneza utando wenyewe huanza kwa ombwe. Hewa hunyonywa kutoka kwenye chumba cha chuma, argoni kidogo huingizwa, kisha umeme wa volti mamia kadhaa huwashwa. Atomu za argoni hupokonywa elektroni na gesi huanza kung'aa. Sasa ni plazima, hali ya maada iliyomo pia ndani ya jua na radi. Ioni za argoni huvutwa na bamba la vanadiamu lenye chaji hasi, hulipiga kwa kishindo, na atomu za vanadiamu hung'oka zikaenda kutua juu ya kioo kilichopashwa moto. Utando unaopatikana huwa na unene wa makumi ya nanomita tu. Unywele wa mtu huuzidi kwa takriban mara elfu moja.

Oksijeni, inayoingizwa pamoja na argoni ili vanadiamu iwe oksaidi, ndiyo hupima ufundi wa mtafiti. Vanadiamu ina oksaidi nyingi, na ile inayogeuka kwenye nyuzi 68 hupatikana ndani ya nafasi finyu sana. Gesi ikizidi kidogo, utando huwa wa oksaidi nyingine isiyo na tabia hiyo. Ikipungua, hali ni hiyo hiyo.

Hata ukifaulu, kuna kasoro mbili: nyuzi 68 ni nyingi mno kwa dirisha la nyumba, na utando una rangi ya manjano iliyoelekea kahawia inayopunguza mwanga. Mwaka 2009, Mlyuka pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo yanayogusa kasoro zote mbili kwa pamoja. Walitia magnesiamu. Kila asilimia moja ya atomu za magnesiamu ilishusha kiwango cha kugeuka kwa nyuzi 3 hivi, na ilipofika asilimia 7 hivi, mwanga uliopita uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwaka huo huo walieleza pia utando wa tabaka tano, dioksaidi ya titani ikipishana na ya vanadiamu, ambapo titani hupunguza mwanga unaorushwa nyuma bure. Naiona kazi ya magnesiamu kuwa na uzito zaidi, kwa sababu dawa moja ilitibu maradhi mawili.

Je, utando huu unaifaa Sharafiya? Kwa maoni yangu, Riyadh itafaidika zaidi. Jeddah haina majira ya baridi ambayo mtu angetamani jua limpashe chumba. Huko utando wa fedha usiobadilika, ambao nao hutengenezwa kwa plazima na uko sokoni tayari, unatosha kuzuia infraredi mwaka mzima. Riyadh mambo ni mengine. Kiangazi hupita nyuzi 43, ilhali usiku wa Januari hushuka chini ya nyuzi 10, na jua la asubuhi huwa na thamani. Dirisha linalogeuka lenyewe lina kazi huko misimu yote miwili.

Tatizo ni hesabu ya nyuzi. Asilimia 7 za magnesiamu huishusha 68 hadi karibu 47, na dirisha la nyumba linahitaji kama 25. Tungsteni hushusha kwa kasi kubwa zaidi, nyuzi 20 au zaidi kwa kila asilimia, lakini haikipi kioo uwazi unaoletwa na magnesiamu. Kuzichanganya mbili hizo ndani ya utando mmoja, pasipo kupunguza nguvu ya mgeuko wenyewe, ndiyo kazi ngumu iliyo mbele ya maabara za tando nyembamba.