Si kila tumbo lililojaa ni mimba

Msomaji mpenzi, hebu chukulia uko Mkomani, kisiwani Lamu, katika vile vichochoro ambamo punda na mtu hupishana kwa kubanana. Mke wa jirani ameanza kujaa tumbo. Wa kwanza anampa hongera ya mimba. Wa pili anamtajia mapepo. Wa tatu ananong'ona kuwa ni saratani, na huyo ndiye amkatishaye tamaa. Huenda wote watatu wamekosea.

Kuna uvimbe uitwao fibroma, unaoota kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya mwanamke. Ni mgumu na si saratani. Usiuchanganye na fibroidi, ambayo huota kwenye mji wa mimba na huwapata wanawake wengi. Mara chache sana, fibroma huja na maji tumboni na kandokando ya mapafu. Mgonjwa huhema kwa shida, na watu hudhani ni kifua kikuu au saratani iliyokwisha kuenea.

Mwaka 1937, Daktari Joe Meigs wa Boston, Marekani, na mwenzake Cass walieleza habari za wagonjwa 7 wa namna hiyo. Uvimbe ulipoondolewa, maji nayo yalitoweka. Hadi leo hali hiyo huitwa kwa jina la Meigs.

Itatambuliwaje? Daktari hupima mimba, hupapasa tumbo, kisha huagiza ultrasaundi na eksirei ya kifua. Kipimo cha damu cha CA-125 chaweza kupanda hata pasipo saratani, kwa hiyo hakitoshi peke yake. Mwamuzi ni maabara, ambako uvimbe uliotolewa hutazamwa kwa hadubini.

Tiba ni upasuaji. Kwa msichana, kwa kawaida huondolewa uvimbe tu au ovari moja. Ile iliyobaki humwezesha kuzaa.

Mkaazi wa Mkomani aweza kuanzia hospitali ya King Fahd, papo hapo mjini Lamu. Akipewa rufaa ya Mombasa, atavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha apande basi. Ni safari ndefu, lakini kukaa nyumbani ukingoja kifo kwa ugonjwa unaotibika ni hasara kubwa zaidi.

Na yakizuka maumivu makali ya ghafla pamoja na kutapika, usingoje kuche: huenda ovari imejisokota. Dada, sema mapema. Mficha uchi hazai.