Breki za Tela Zinapolegea: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuidhinisha Malipo



Miongoni mwa hati za malipo zinazopita mbele ya mkaguzi, zile za matengenezo ya magari ndizo ambazo kamati huzihoji kidogo kuliko zote. Sababu yake yaeleweka: fundi akisema kifaa fulani kimekwisha, ni mjumbe gani atakayembishia? Hata hivyo hati hizo, zikisomwa kwa utulivu, husema mengi. Katika chama kimoja nilichokikagua, lori lilikuwa limebadilishiwa lainingi za breki mara tatu katika msimu mmoja, ilhali tela lake halikununuliwa hata moja. Kamati ilifurahi kwamba tela halina gharama. Kumbe tela hilo lilikuwa halifungi breki sawasawa, na kazi yote ya kulizuia ilifanywa na lori.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi breki za upepo zinavyofanya kazi. Kompresa inayoendeshwa na injini husukuma upepo katika matangi ya lori. Kutoka hapo upepo huenda kwenye tela kwa mipira miwili: mwekundu hujaza tangi la tela, na wa manjano hupeleka amri ya dereva anapokanyaga pedali. Amri ikifika, upepo huingia katika chemba ya breki na kusukuma raba iliyomo. Raba husukuma fimbo ya chuma, fimbo huzungusha mkono wa kamu, na kamu hutanua lainingi zikabana ngoma. Chemba inayotumika sana katika matela makubwa ina raba yenye eneo la inchi za mraba 30. Upepo wa paundi 60 kwa kila inchi ya mraba huipa fimbo nguvu ya paundi 1,800, yaani zaidi ya kilo 800.

Lakini nguvu hiyo hupatikana iwapo tu fimbo haijakaribia mwisho wa safari yake. Chemba ya kawaida ya namna hiyo huiruhusu fimbo kutoka inchi mbili na nusu, basi. Kadiri lainingi zinavyolika, ndivyo fimbo inavyolazimika kutoka zaidi, na ikipita inchi mbili breki huhesabiwa kuwa imetoka katika kipimo. Hatari yake haionekani uani. Lori likijaribiwa mbele ya ghala, breki zikiwa baridi, litasimama vizuri. Katika mteremko ngoma hupata joto, hutanuka na kuzikimbia lainingi. Fimbo hufika mwisho, na nguvu huisha ilhali dereva amekanyaga pedali hadi chini. Geji iliyo mbele yake itaonyesha upepo umejaa, kwa kuwa hupima upepo wa tangi, haipimi namna lainingi zinavyobana. Mwenye kushusha mbolea Sekenke kuelekea Igunga, au mahindi ya Iringa kupitia Kitonga, asiitegemee geji peke yake.

Basi dereva akilalamika kwamba tela linamsukuma, uchunguzi uanze na mambo yasiyo na gharama. Baadhi ya matela yana kishikio cha kuchagua nguvu ya breki kulingana na mzigo: tupu, nusu, au kujaa. Utingo akikiacha penye tupu baada ya kupakia, breki zitakuwa dhaifu ingawa hakuna kilichoharibika. Kisha zitazamwe koki nyuma ya lori, kama zipo. Koki ya mpira wa manjano ikifungwa, tangi la tela litajaa lakini amri ya dereva haitafika. Matangi yafunguliwe chini kila siku ili maji yatoke, maana maji hula nafasi ya upepo na kuharibu vali.

Baadaye ipimwe mivujo. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, breki ya kuegesha iachiliwe, injini izimwe, na pedali ikanyagwe kwa dakika moja. Katika mtihani wa udereva wa Marekani, lori na tela lake, geji ikishatulia, havitakiwi kupoteza zaidi ya paundi 4 katika dakika hiyo. Ni kipimo kizuri hata kwetu.

Ndipo fimbo zenyewe zipimwe, kazi ambayo hata mjumbe wa kamati aweza kuisimamia. Upepo ukiwa kati ya paundi 90 na 100, kila fimbo itiwe alama ya chaki pale inapotokea katika chemba. Mtu mmoja akanyage pedali, mwingine apime alama imesogea kiasi gani. Vipimo vya kulia na kushoto vya ekseli moja vikitofautiana sana, tela litavuta upande.

Kurekebisha ni kazi ya fundi: hukaza mpaka lainingi ziguse ngoma, kisha hulegeza robo hadi nusu mzunguko. Mikono inayojirekebisha yenyewe isikazwe kwa mazoea. Ikizidi kipimo, kuna kitu kingine kilichokwisha, na kuikaza ni kuficha ubovu.

Fimbo zikiwa sawa na breki bado ni dhaifu, ndipo ngoma zifunguliwe. Dereva anaweza kumsaidia fundi: baada ya mteremko asimame mahali salama, asogeze mkono karibu na kila ngoma bila kuigusa. Ngoma iliyo baridi kati ya zenye joto haifanyi kazi. Lainingi zilizolowa mafuta hazisafishwi kwa petroli, hutupwa, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli. Hati ya malipo yenye lainingi mpya bila sili mpya ya mafuta irudishwe kwa maswali, kwani mafuta yaliyovuja jana yatavuja tena kesho.

Chemba zenye springi ya breki ya kuegesha zisifunguliwe kamwe katika gereji ya chama. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu.

Nashauri kamati isilipe matengenezo yoyote ya breki za tela pasipo karatasi ya vipimo vya kila fimbo, kabla na baada ya kazi, yenye saini ya fundi na ya dereva. Nakala moja ikae pamoja na kitabu cha safari ndani ya gari.