Istilahi za Nguo katika Njia ya Misafara: Mafunzo kutoka Urambo

Biashara ya nguo ni mojawapo ya nyanja ambazo Kiswahili kilikuwa na istilahi timilifu kabla hakijawa na chombo chochote cha kuisanifu lugha. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi hizo zilivyotumika katika njia ya misafara iliyopita Tabora na Urambo kuelekea Ujiji, jinsi maana zake zilivyohama, na jinsi zinavyoweza kumfaa leo mtu anayetafsiri au kujaza hati za kuuza nguo za mkono katika nchi za nje.

Vipimo vya biashara

Katika karne ya 19 nguo za pamba zilikuwa ndiyo fedha ya bara. Chakula, pembe za ndovu na ujira wa wapagazi vililipwa kwa nguo, na kwa hiyo ilikuwa lazima vipimo vyake vieleweke na watu wa pwani na wa bara sawasawa. Kipimo cha msingi kilikuwa mkono, yaani urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka. Shuka mbili zilifanya doti, kiasi cha yadi nne. Na doti kadhaa zilifanya jora moja. Nguo zilizofungwa kwa safari ziliitwa mtumba, nao ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja wenye uzito wa frasila mbili hivi, yaani karibu ratili 70.

Watawala wa nchi zilizopitiwa na misafara walitoza hongo, na hongo hiyo nayo ilihesabiwa kwa doti. Mtemi Mirambo, ambaye Urambo imepata jina lake kutokana naye, alifahamu vyema kwamba anayeitawala njia anaitawala nguo. Alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, Henry Stanley na mitumba yake alilazimika kuzunguka upande wa kusini.

Aina za nguo nazo zilikuwa na majina yake. Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyopaushwa. Kaniki ilikuwa nguo iliyotiwa rangi ya nili. Bafta ilikuwa nyeupe na nyembamba. Mpagazi aliyeahidiwa doti tatu za merikani hakuweza kulipwa kaniki akanyamaza.

Majina yaliyohama

Tukiyachunguza maneno haya tunaona kwamba mengi yamebaki, lakini kazi zake zimebadilika. Shuka limekuwa jina la vazi na la kitambaa cha kutandika kitandani. Doti sasa ni jozi ya khanga. Hongo, ambayo ilikuwa ushuru wa njia uliotozwa hadharani, leo ni rushwa, na mfasiri wa habari za misafara asipokuwa mwangalifu atawafanya watemi wote kuwa wala rushwa. Mtumba, uliokuwa robota la nguo mpya, umekuwa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo.

Neno merikani linatupa funzo la pekee. Jina hilo lilitokana na nguo za viwanda vya Massachusetts, zilizoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivuruga biashara hiyo. Kufikia mwishoni mwa karne hiyo nguo kama hizo zilikuwa zikitoka Bombay kwa wingi, lakini ziliendelea kuitwa merikani. Jina la asili ya nguo lilikuwa limegeuka kuwa jina la aina ya nguo. Kwa hiyo istilahi inayotaja nchi haitoshi kuthibitisha mahali nguo ilikotoka.

Tatizo la neno kufuma

Nguo zote za njia hiyo hazikutoka ng'ambo. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, aliandika juu ya Wanyamwezi waliofuma nguo za pamba yao wenyewe. Ufumaji huo ulififia kadiri nguo za viwandani zilivyoenea, ingawa kusini zaidi, katika Ufipa, uliendelea hadi karne ya 20. Pamoja na kazi yenyewe, usahihi wa maneno yake nao umefifia.

Leo neno kufuma hutumika kwa mfumi mbele ya kitanda chake na kwa mama anayefuma sweta kwa sindano. Nyumbani hapana madhara. Katika hati za forodha madhara yapo, kwa sababu Mfumo Uliowianishwa wa kuainisha bidhaa, ulioanza kutumika duniani mwaka 1988, huweka mavazi ya vitanzi katika sura ya 61 na mengine katika sura ya 62. Neno moja likitumika kwa yote mawili, mzigo huweza kuingizwa katika sura isiyo yake.

Aidha, maneno “nguo ya mkono” hutumika kwa batiki ambayo kitambaa chake kimetoka kiwandani, na rangi tu ndiyo iliyotiwa kwa mkono. Mnunuzi aliyeagiza nguo iliyofumwa kwa mkono akipelekewa batiki, ana haki ya kuirudisha.

Wenzetu wa India wamelishughulikia jambo hili kwa sheria. Sheria yao ya mwaka 1985 ilitenga aina fulani za nguo zifumwe kwa mkono tu. Mwaka 2006 ikaanzishwa alama rasmi ya nguo za namna hiyo. Na mwaka 2022 gamosa, kitambaa cheupe chenye mapambo mekundu cha jimbo la Assam, kilisajiliwa kuwa jina linalolindwa la mahali kinakotoka. Kwetu Afrika Mashariki onyo lilikwisha kutolewa: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” kuwa alama yake ya biashara. Pingamizi liliwekwa na ombi halikufaulu, lakini ni dhahiri kwamba jina lisilo na mlinzi huweza kuchukuliwa.

Mapendekezo

Kwa matumizi ya ofisini na darasani tunapendekeza yafuatayo:

Mtande: nyuzi zinazotandwa kwa urefu wa nguo.
Mshindio: nyuzi zinazopitishwa kwa upana kati ya mtande.
Kitanda cha mfumi: chombo cha kufumia nguo kwa mtande na mshindio.
Nguo ya mtande: iliyofumwa kwa mtande na mshindio.
Nguo ya vitanzi: iliyofumwa kwa sindano au mashine kwa kuunganisha vitanzi.
Robota: mzigo wa pamba au nguo uliofungwa na kukazwa, mtumba ubaki na maana yake ya leo.

Badala ya kuandika “nguo ya mkono” peke yake, hati itaje kazi iliyofanywa: iliyosokotwa, iliyofumwa au iliyotiwa rangi kwa mkono. Nchi ilikotoka iandikwe mahali pake, isitegemewe kubebwa na jina la nguo.

Hatuna budi kuongeza kwamba lugha zetu nyingine ni hazina katika jambo hili. Walimu wa Urambo, Tabora na Ufipa wanaweza kutusaidia kwa kukusanya kutoka kwa wazee maneno ya kusokota na kufuma yaliyomo katika Kinyamwezi na Kifipa, pamoja na maelezo ya kila kifaa na kazi yake. Maneno hayo yakipotea, tutalazimika kuazima mbali yale ambayo babu zetu walikuwa nayo nyumbani.