Kabla ya nusukaputi, taja jina lako mwenyewe

Simama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, uite "Juma!" Watageuka wengi. Wodini ni hivyo hivyo: wanaweza kulazwa akina Juma wawili, umri unaokaribiana, wote wakisubiri upasuaji siku moja.

Hatari hii si ya kufikirika. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walichanganywa. Aliyetakiwa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Mmoja alifariki dunia baadaye, mwingine akapelekwa India kwa matibabu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Wahudumu huihakiki kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ndugu msomaji, nawe una kazi yako katika uhakiki huo. Mgonjwa mwenye hofu na njaa akiulizwa "Wewe ndiye Juma?", hujibu "ndiyo" hata kama hakusikia vizuri. Kwa hiyo usiitikie tu. Taja mwenyewe majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa, upasuaji unaofanyiwa na upande wake: "Napasuliwa henia, kulia."

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Soma mkanda wa mkononi na jina kwenye faili. Herufi ikikosewa, sema irekebishwe kabla hujaondoka wodini.
- Kama kiungo chako kina kulia na kushoto, daktari atakayekupasua aweke alama kwa kalamu ungali macho. Usiifute wakati wa kuoga. Usipoiona, uliza.
- Usiweke sahihi kwenye fomu ya ridhaa kabla hujaelezwa ukaelewa. Upasuaji ulioandikwa uwe ule ule mliozungumza.
- Sema dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, na saa uliyokula au kunywa mara ya mwisho. Usifiche hata kikombe cha chai.

Wazazi, mtoto mdogo hawezi kujitetea. Wodini tumezoea kumwita mzazi kwa jina la mtoto, na akina Mama Asha wanaweza kuwa wawili. Ukiitwa, usibebe tu mtoto ukafuata. Taja majina yake kamili, hakikisha mkanda umo mkononi au mguuni, kisha mwonyeshe anayempokea sehemu inayopasuliwa. Jino la mtoto likilegea, litaje pia, kwa sababu linaweza kung'oka wakati wa kuwekewa mpira wa kupumulia.

Wengi huona haya kumuuliza daktari, wakidhani ni utovu wa adabu. Sivyo. Na ukiulizwa jina lako mara tatu na watu watatu tofauti, usikasirike ukadhani hawakumbuki. Wajibu wote watatu, kwa ukamilifu ule ule.