Mwana Asome Nini Chuo Kikuu?

Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tumeketi barazani kwa jirani yetu mmoja hapa Madale. Kijana wake alikuwa amekwisha pata matokeo ya kidato cha sita, nayo yalikuwa mema. Baba yake, kwa furaha aliyokuwa nayo, akatangaza mbele yetu kwamba sasa mwanawe atakwenda kusomea udaktari. Kijana akainamisha kichwa, akasema kwa adabu, "Nisamehe, baba. Mimi nimesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa masomo haya mlango wa udaktari haufunguki." Mzee akanyamaza. Miaka miwili alikuwa akitoa nauli na fedha za vitabu, wala hakupata hata siku moja kuuliza vitabu hivyo ni vya somo gani.

Ndugu zangu, tusimcheke mzee huyu, maana wengi wetu ndivyo tulivyo. Hudhani kuwa Chuo Kikuu ni nyumba yenye mlango mmoja, na kwamba aliyefaulu huingia akachagua chumba akipendacho. Sivyo. Milango ni mingi, na kila mmoja una ufunguo wake. Kijana aliyeacha Fizikia na Kemia katika kidato cha tatu amekwisha tupa ufunguo mmoja, naye pengine hajui. Akijaza fomu ya tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, ametupa na nyingine. Kwa kawaida shahada ya kwanza hutaka kufaulu vyema masomo mawili yanayoihusu; lakini udaktari hutaka yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Natuitazame Mlimani, ambako si mbali nasi. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake walikuwa 14 tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo aliye na ufunguo wa sayansi hukuta humo Hisabati, Kemia, elimu ya miamba, kompyuta na uhandisi. Mwenye ufunguo wa lugha na mambo ya watu hukuta Historia, Jiografia, Isimu, Fasihi na Akiolojia. Apendaye kalamu hukuta Taasisi ya Taaluma za Kiswahili na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari. Kilimo na tiba, zilizokuwa matawi ya chuo hicho, zimekuwa vyuo vikuu kamili: Sokoine, Morogoro, tangu 1984, na Muhimbili tangu 2007. Sanaa na sayansi aghalabu husomwa miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Hapa ndipo penye kosa letu la pili. Wazee wengi husikia udaktari na uhandisi tu. Mwana akitaja Historia au uandishi, huona amepotea. Lakini hapo Kaole, karibu na Bagamoyo, yapo magofu ya misikiti na makaburi ya wazee wetu. Ni nani atakayetusomea mawe yale, kama watoto wetu hawasomi Akiolojia? Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani yetu ya kusini, alisoma hapo Mlimani akaandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969, na hata leo kisa cha Majimaji kinasomwa kwa kalamu yake. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Na sisi, ambao wahyi wetu wa kwanza ulitaja kusoma na kalamu, haifai tuidharau kalamu. Ibn Sina mwenyewe aliandika juu ya tiba, akaandika pia juu ya falsafa. Hakuona kuwa elimu moja ni adui wa nyingine.

Basi lipi la kufanya? Kwanza, mzazi akae na mwanawe, wa kiume na wa kike sawasawa, kabla fomu haijajazwa, amwulize moyo wake uko wapi na alama zake zasemaje. Pili, wasome pamoja mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, ambamo kila kozi imeandikwa na masharti yake. Tatu, aliyepitwa na wakati asikate tamaa: Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake Kinondoni, hufundisha watu wakiwa kazini mwao.

Jirani yetu alikaa kimya kitambo, kisha akamwuliza kijana wake, "Na wewe wataka nini?" Kijana akajibu, "Kiswahili, baba, niwe mwalimu na mwandishi." Mzee akasema, "Bismillahi, mwanangu, nenda." Halafu akageuka, akamwita binti yake mdogo aliye kidato cha pili: "Njoo, mama, na daftari zako zote. Leo nataka kujua unasoma nini."